Chengachenga kwenye video za usiku

Habari za jioni wote. Nimezipitia video mlizotuma jana. Kamera zimetulia, hongereni, lakini ukutani nyuma ya msemaji chengachenga (vidoadoa vya picha) zinatembea kama sisimizi. Chanzo ni ISO, yaani kiwango ambacho kamera inakuza mwanga inaoupata: wengi mmeiacha otomatiki, na kamera ilipokosa mwanga ikaipandisha hadi 12800.

Kabla ya kugusa ISO, fungua lenzi kadiri inavyokubali. Kutoka f/4 hadi f/2 (namba ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni kubwa) unapata mwanga mara nne. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe 1/50 ya sekunde. Kuna mmoja wetu aliiweka 1/200 (anajijua), akabaki na robo tu ya mwanga.

Wa simu, msivute picha kwa vidole. Sogea wewe.

Ila taa moja ndogo karibu na uso hushinda hesabu zote hizi. Isogeze kutoka mita 2 hadi 1, uone tofauti. Na msirekodi gizani mkitegemea kung'arisha wakati wa kuhariri, maana chengachenga nazo zitang'aa. Programu za kuzisafisha zipo, lakini ukizidisha, uso unakuwa kama wa nta.

Kesho kila mtu alete sekunde 10, ISO ameipanga mwenyewe.