Kabla hujalipa ile amana

Shoga yangu Mwanaisha,

Salamu nyingi kutoka Minneapolis, ambako theluji imeanza tena na miye sina hamu nayo. Sisi wazima. Watoto wazima, baba yao mzima ila mgongo, na Bi Zuhura anakusalimu, anasema ile abaya uliyomuahidi bado anaingoja. Sikukujibu juzi kwa sababu ujumbe wako ulinikuta zamuni, na jambo lenyewe si la kujibiwa mbiombio ndani ya lifti.

Kwa hiyo wamekuchukua kwenye kile chuo cha mtandaoni, usomee u-NP, yaani muuguzi wa ngazi ya juu anayepima wagonjwa na kuandika dawa. Hongera, na nasema kwa moyo mweupe. Lakini eti Ijumaa unalipa amana ya kushika nafasi, na yule kijana wa chuo amekuhakikishia utasoma kwa wakati wako, zamu zako zote ukizifanya kama kawaida. Subiri kwanza. Kuna swali moja umuulize, na jibu ulitake kwa maandishi: nani atanitafutia msimamizi wa kliniki, yule wa kunifundisha kwa wagonjwa wake, nyinyi au mimi?

Maana masomo ya mtandaoni utayaweza. Patofiziolojia (ugonjwa unavyouvuruga mwili), famakolojia (elimu ya dawa) na upimaji wa mgonjwa, hizo tatu kila mwanafunzi wa NP lazima azipitie, na kwenye famakolojia utalia, sote tumelia. Mihadhara imerekodiwa, utaisikiliza huku unapika. Katikati ya wiki unaandika maoni yako, na Jumapili kabla ya saa sita usiku uwe ushawajibu wenzako wawili kwamba umependa sana hoja zao. Unafiki mtupu, ila alama ni alama. Mitihani unafanyia nyumbani kamera ikikukodolea macho, na kabla ya kuanza unaizungusha chumba kizima waone hukuficha mtu chini ya meza. Salim wangu aliingia kuniuliza chapati ziko wapi, mtihani ukasimamishwa, nikaandikiwa barua ya kujieleza. Halafu kuna zile siku chache za kwenda chuoni kwenyewe, unapima waigizaji waliolipwa kujifanya wagonjwa. Wa kwangu alijua kuumwa kifua kuliko wagonjwa wa kweli. Nauli na hoteli, bila shaka, juu yako.

Yote hayo madogo. Kazi iko kliniki.

Viwango vya kitaifa vya 2022 vinataka saa zisizopungua 750 za kuhudumia wagonjwa. Kabla ya hapo zilikuwa 500. Ukichukua ile shahada ya uzamivu ya uuguzi, DNP, jumla inafika 1,000. Sasa piga hesabu: siku mbili kwa wiki, saa nane nane, ni karibu mwaka mzima, na hulipwi hata senti. Na kliniki zinafunguliwa mchana, Jumatatu hadi Ijumaa, wakati wewe ndio kwanza unatoka zamu ya usiku macho mekundu. Huo "wakati wako" alioutaja yule kijana uko wapi hapo?

Tena kwa sisi wa FNP, NP wa familia nzima, msimamizi mmoja hatoshi. Wanataka uone watoto, uone wazee, uone na mambo ya kina mama. Chuo changu kilinitumia orodha ya kliniki, nyingine zimeshafungwa, wakaniambia kila la heri. Nikapiga simu hadi nikajua sauti za makarani. Nafasi zimejaa hadi mwakani. Hatuchukui wanafunzi wa mtandaoni. Daktari mmoja akaniuliza nitamlipa ngapi, bila haya. Zipo na kampuni zinazokutafutia msimamizi kwa pesa, na huku karo ya muhula umeshalipa! Aliyeniokoa ni Mama Kerubo, aliyesema na NP mmoja kwenye kliniki ya Wasomali. Huko nilifurahi, sikufichi. Vikongwe waliokaa Eastleigh na Dadaab wakisikia Kiswahili wanasahau mkalimani, wananieleza hadi ugonjwa wa jirani.

Mama kule Kisauni bado haelewi ninasomea nini. Nimemwambia nitakuwa kama wale maafisa wa kliniki wa kwetu, nipime, niandike dawa. Akaniuliza: "Umeenda Marekani yote hiyo kusomea hicho?"

Na usiniambie unachukua saikiatria, ya magonjwa ya akili, kwa sababu umeona gari jipya la Njeri aliyeisomea. Ukiipenda, sawa. Sina la ziada.

Kuhusu pesa: kwa sheria iliyopitishwa Julai 2025, ule mkopo wa serikali wa Grad PLUS, uliokuwa ukikufikisha hadi karo yote iishe, hawapewi wakopaji wapya kuanzia tarehe 1 Julai 2026. Usitegemee hadithi za waliotangulia. Angalia pia kama chuo kina ithibati ya CCNE au ACEN, wanaokagua vyuo vya uuguzi, na kama kinaruhusiwa kufundisha wakaazi wa Texas. Hapo nina wasiwasi mwingine. Chuo kinaweza kukupokea ukiwa jimbo moja na kisikutambue ukihamia jingine, na saa zako zikabaki zinaning'inia. Na huko kwenu hata ukimaliza, huandiki dawa mpaka uwe na mkataba na daktari. Hapa Minnesota tangu 2015 unatimiza saa 2,080 chini ya mkataba, kisha unasimama mwenyewe. Sikwambii uhame. Ingawa...

Narudi pale pale, nivumilie. Wakikujibu "tutakusaidia kutafuta", hilo si jibu. Waulize: nisipopata, muhula unasogezwa au nalipa tena? Mimi hapo ndipo nilipokwama.

Sasa nijibu. Yule daktari Mnigeria uliyekuwa ukimsifu, kliniki yake bado ipo? Ushamuuliza kama anachukua wanafunzi? Baba Amina bado ana wazimu wa kuhamia Arizona, na anajua hayo ya majimbo? Bosi wako wa wodi atakukubalia upunguze zamu, au bado ni yule mama wa roho mbaya? Nani atamchukua Amina shuleni? Na mamako, ameshatolewa mtoto wa jicho, au bado anasema daktari ni mdogo mno kwa umri?

Nipigie Alhamisi, sina zamu. Ila si saa kumi na mbili asubuhi kama kawaida yako.

Wako,
Rukia