Banda la panya nalo litengewe fedha

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika kwamba kufuga panya wa utafiti ni kutupa fedha za umma, kwa kuwa panya si binadamu. Nimetunza wanyama wa maabara hapa Morogoro hadi nikastaafu, na barua ile imeniuma.

Chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, iligunduliwa kutokana na mlipuko wa Newala, kusini mwa Tanzania, wa 1952 na 1953, kwa kuwadunga panya weupe damu ya wagonjwa. Zika nayo, homa nyingine ya virusi vya mbu, mwaka 1947 huko Entebbe, Uganda, ilionekana baada ya damu ya tumbili mwenye homa kudungwa kwenye ubongo wa panya. Magonjwa haya ni ya kwetu, na panya ndio waliotuonyesha.

Ni kweli panya si binadamu. Panya mzima wa kawaida ukimdunga Zika mahali pengine pasipo ubongo kwa kawaida haugui, kinga yake inaviwahi virusi. Ndiyo maana wataalamu wamezalisha panya wasio na vipokezi vya interferoni, yaani kemikali za mwili zinazoamsha kinga dhidi ya virusi, na hao huugua. Hata virusi vya mwanzo vya korona havikumwingia panya wa kawaida. Ikabidi atumike panya aliyepandikizwa jeni ya binadamu, pamoja na hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, ambaye huvipata vivyo hivyo alivyo na mapafu yake yakavimba. Tofauti anayoilalamikia msomaji ndiyo hasa kazi yenyewe.

Ila panya aliyepunguzwa kinga hataki mzaha. Nilipokuwa kazini, umeme ukikatika mwezi wa pili feni zinasimama, na asubuhi unakuta mama amekula watoto wake. Maranda ya kuwatandikia panya tulikuwa tukiomba kwa mafundi seremala, tunayachekecha kwa mkono kutoa misumari, na mengine yananuka dawa ya mbao. Panya akifa katika hali hiyo, nani atajua kama ameuawa na kirusi au na chumba? Jaribio linarudiwa, na wanyama wengine wanateseka bure. Hilo ndilo linalonisikitisha zaidi.

Maabara ikijengwa siku hizi, mashine huja na kukatiwa utepe, lakini banda la wanyama huwekwa nyuma, karibu na stoo. Naiomba serikali, kila mradi wa utafiti wa virusi utengewe tangu mwanzo fedha za jenereta ya banda, maranda safi, na mishahara ya wahudumu waliosomea kazi hiyo.

Mhudumu mstaafu wa wanyama wa maabara,
Morogoro