Msimbopau hauanzi na mchoraji wa lebo

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wazalishaji wanaoandaa lebo. Mashine ya kaunta inapogoma kusoma msimbopau wa bidhaa, yaani ile alama ya mistari kwenye lebo, mara nyingi kosa lilishafanyika lebo ikiwa bado kwenye kompyuta.

Amua kwanza alama itasomwa wapi. Bidhaa inayokwenda kwenye maduka ya watu wengine inahitaji EAN-13, aina ya msimbopau wenye namba ya tarakimu 13, na namba yake itoke GS1, shirika linalozuia kampuni mbili kugongana namba. Ukijibunia, ipo siku sabuni yako itasomeka kama biskuti za mwenzako. Kila ujazo pia una namba yake: chupa ya mililita 250 haichangii namba na ya 500.

Kwa hesabu za ghala lako huhitaji kununua namba. Code 128, aina nyingine ya msimbopau, inatosha, nayo hubeba herufi na tarakimu. Ukipenda EAN-13, tumia namba zinazoanza na 20 hadi 29, zilizotengwa kwa matumizi ya ndani.

Tarakimu ya 13 ni ya ukaguzi, usiiweke kwa kubahatisha. Ukihesabu kutoka kushoto, zile za nafasi ya 1, 3, 5 na kuendelea zijumlishe zilivyo; za nafasi ya 2, 4, 6 na kuendelea zizidishe kwa 3 kwanza. Kwa 200000012345 jumla ni 35. Kufika kumi linalofuata, yaani 40, zinapungua 5; hiyo 5 ndiyo tarakimu ya ukaguzi, basi namba kamili ni 2000000123455.

Kwenye uchapaji ndiko wengi wanakoumia. Kipimo cha kawaida cha EAN-13 ni milimita 37.29 kwa 25.93, pamoja na nafasi tupu za pembeni. Unaweza kukipunguza hadi asilimia 80, si chini ya hapo. Nafasi hizo tupu ni sehemu ya alama: kushoto upana wa mistari myembamba 11, kulia 7. Mchoraji akizijaza maandishi au fremu, mashine haijui mistari inaanzia wapi. Rangi nazo zina mtego. Mashine nyingi humulika mwanga mwekundu, kwa hiyo mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe haionekani kabisa. Mweusi juu ya mweupe haukuangushi.

Kwenye chupa nyembamba, laza mistari kama vipago vya ngazi, la sivyo ya pembeni itapotelea kwenye mviringo. Usivute picha ya alama kwa kipanya ili ienee. Itengeneze upya kwa kipimo unachotaka. Lebo zinazochapwa kwa joto bila utepe wa wino hufifia juani, hivyo kwa bidhaa ya kukaa muda mrefu chagua printa yenye utepe.

Kabla ya kuagiza maelfu, chapa chache kwenye karatasi ileile ya lebo, zibandike kwenye chombo chenyewe, kisha zisomeshe kwa mashine ya dukani. Kamera ya simu husamehe kasoro ambazo mashine hiyo huzikataa.

Msomaji wako,
Mtaalamu wa lebo na hesabu za ghala