Wakiambiwa mtoto hana kitu, ndipo wanapokuja kwangu

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu maneno tunayoyasikia mara kwa mara redioni na vikaoni, kwamba watoto wenye maradhi ya akili hapa Pemba hawafiki hospitali kwa sababu wazee wao wanawakimbiza kwa walimu wa vyuo vya Qur-ani kusomewa. Mimi ni mmoja wa walimu hao. Nasomesha chuo katika Wilaya ya Micheweni, na baada ya sala ya Alasiri huwasomea wanaoletwa. Sitozi, mwenye kutaka kutoa sadaka hutoa. Nalitanguliza hilo asije mtu akadhani natetea biashara yangu.

Wanaosema hivyo wameigeuza njia. Watoto wengi ninaoletewa wameshapita hospitali. Mtoto kaacha kula, usiku halali, kichwa kinamuuma kila siku, moyo unamwenda mbio, skuli hataki kuisikia. Mama yake anampeleka kituo cha afya. Anapimwa malaria, hana. Anapimwa mkojo na taifodi, hana. Anapewa panadoli, safari nyengine anapewa dawa ya minyoo. Akirudi tena mama anaambiwa, "Huyu hana kitu." Sasa mama anayemwona mwanawe anakauka mbele ya macho yake, na aliyesoma kamwambia hana kitu, afanye nini? Kama si la hospitali, basi ni la jini. Anavaa buibui lake anakuja kwangu, na mimi kumfukuza siwezi.

Hakuna aliyemuuliza yule mtoto kama analala, kama nyumbani kuna jambo, kama amepata kufikiria kujidhuru. Na hata akiulizwa, huulizwa mbele ya mama yake, mlango uko wazi na watu kwenye benchi wametega masikio. Atasema nini? Mimi huniambia, wala si kwa ujuzi wangu. Ni kwa sababu mama humwomba akakae barazani, na mimi mpaka Magharibi nina wasaa. Daktari wa kituo hana wasaa, ana foleni.

Niliwahi kuletewa binti wa kidato cha pili aliyekuwa akipandisha jini skuli. Akianza yeye, wenziwe wawili watatu nao wanaanguka, na darasa linafungwa. Nilimsomea. Alilia sana, lakini aliyesema alikuwa yeye mwenyewe, hakuna mwengine. Nikamwambia mama yake anikumbushe siku zenyewe anazopandisha, tukazipanga, zote zikawa za majaribio na mitihani. Naamini majini wapo, Qur-ani imesema. Lakini sijapata kumwona jini anayejua ratiba ya mitihani ya kidato cha pili. Baadaye binti akanieleza kuwa baba yake kaapa akifeli ataozwa. Hilo halitibiwi kwa kombe, maji ya aya zilizoandikwa na kuoshwa. Tulimwita mzee wake, tukakaa naye, na binti nikataka aonwe na mtu mwenye elimu ya mambo hayo.

Lakini aonwe wapi? Njia yangu yote ya rufaa ilikuwa namba moja ya simu, ya muuguzi wa maradhi ya akili tuliyejuana mazikoni. Nikimpigia alikuwa ananiambia: huyu mlete kesho, huyu endelea kuzungumza naye, huyu msimwache peke yake usiku wa leo. Ndiye aliyemsikiliza yule binti. Muuguzi huyo kahamishiwa Unguja. Simu bado anapokea, Mungu amjaalie kheri, lakini mtoto wa Micheweni hatibiwi kwa simu.

Watoto wa kifafa ndio wanaonitia uchungu zaidi. Kifafa ni maradhi ya ubongo, dawa zake zinajulikana miaka mingi, na baadhi yake, kama fenobabitoni, ni za bei ndogo. Shuruti yake ni kunywewa kila siku na kutokatwa ghafla. Kwetu mtoto wa kifafa hupelekwa kliniki ya maradhi ya akili, na wazee wengine wanasita hapo hapo: "Mwanangu si mwendawazimu." Na wanaokubali, siku moja wanaambiwa dawa zimekwisha, wakanunue. Duka la dawa la huku kwetu halina. Dawa inakatika, mtoto anaanguka, na mama anaapa kuwa dawa ya hospitali haifai. Chuoni kwangu yupo mmoja ana kovu la moto kuanzia kiganja hadi kiwiko, aliangukia mekoni. Nimsomee nini mtoto yule, Bwana Mhariri, ambacho kidonge kisingefanya?

Safari yenyewe kwa aliye mjini ni kitu chepesi. Kliniki iko mjini, siku ya kazi, asubuhi, wakati mtoto yuko skuli. Baba yuko dago, kambi ya wavuvi. Mama analima mwani, na mwani hufuata maji: siku ya kliniki ikiangukia bamvua, yanapokupwa sana, lazima achague baina ya dawa ya mtoto mmoja na chakula cha wote. Nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi. Ikiwa hali ni kubwa zaidi, hospitali ya wagonjwa wa akili ni ile ya Kidongo Chekundu, Unguja mjini. Sisi tuko ncha ya kaskazini ya Pemba, boti inaondokea Mkoani, upande wa kusini. Aibu nayo ipo, sikatai, hasa kwa mtoto wa kike, kwamba akionekana kliniki ile nani atamposa. Lakini nimewaona wengi walioishinda aibu wakashindwa na nauli.

Shirika la Afya Duniani linasema kijana mmoja katika kila saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Chuoni kwangu wa umri wa miaka 10 na kuendelea wapata hamsini. Kwa hesabu hiyo ni saba, na nikiwatazama wakisoma nadhani watano nawajua.

Wapo walimu wenzangu wanaoona kumpeleka mtoto kwa daktari wa akili ni mambo ya kizungu na upungufu wa imani. Nao nawaambia hapa hapa gazetini. Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na akatufahamisha kuwa hakuna maradhi ila yana dawa, isipokuwa uzee. Mwanachuoni wa Kiislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, alikwisha kuandika kuwa nafsi huugua kama mwili unavyougua, akatenga huzuni ambayo sababu yake inajulikana na ile inayomvamia mtu asijue imetoka wapi, na hii ya pili akaihusisha na mwili. Mwaka 1284 Kairo ilikuwa na hospitali ya Sultan Qalawun, na wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao humo. Sasa ugeni uko wapi? Mimi nikimsomea mtoto sijamzuia kunywa kidonge, na daktari akimpa kidonge hajamzuia kusikiliza Qur-ani.

Na wapo wanaojiita walimu, au waganga, wanaowapiga watoto, wanaowafukizia pilipili, wanaowafunga kamba, wanaowaambia wazee dawa ya hospitali itamkasirisha jini. Hao Baraza la Tiba Asili na Polisi wawashughulikie, sina la kuwatetea. Isipokuwa ukimfungia mmoja leo, yule mama bado ana mtoto aliyeambiwa hana kitu, na kesho atamtafuta mwengine.

Kwa hiyo ombi langu kwa Wizara ya Afya haliko kwa walimu wa vyuo, liko kituo cha afya cha kijijini. Tusisubiri bingwa wa akili za watoto ashushwe Micheweni. Shirika hilo hilo la Afya Duniani tangu mwaka 2008 lina mpango wa kuwafundisha madaktari na wauguzi wa kawaida kuyatambua maradhi haya na kuyaanzia tiba. Afundishwe walau mmoja katika kila kituo, ili vipimo vikitoka safi ndipo mazungumzo yaanze, na yaanze na mtoto mwenyewe, mlango umefungwa. Dawa ya kifafa iwepo kituoni kama ilivyo ya malaria. Kliniki ya watoto iwekwe Jumamosi. Na sisi walimu tupewe karatasi moja yenye dalili za hatari na namba ya simu ya ofisi, isiyohama pale muuguzi anapohamishwa.

Chuo chetu hakisomeshi Alhamisi na Ijumaa. Kipo chumba pembeni nilichokuwa nikiwekea misahafu. Kina mlango unaofunga, kina mkeka, na dirisha linatazama mashamba, si njia. Mtoto anayeingia chuoni hakuna jirani anayemuuliza kaenda kufanya nini. Wizara ikimleta muuguzi Alhamisi moja kwa mwezi, baada ya skuli kutoka, chumba hicho ni chake bila kodi, na watoto wa kumwona nitawaita mimi na wazee wao. Sheha wetu nimeshazungumza naye, kakubali.

Mwalimu wa chuo,
Wilaya ya Micheweni, Pemba
(Jina na namba ya simu anavyo Mhariri)