Kabla hujaleta faili kwetu: misaada ya bure mtandaoni kwa wapangaji kurasa

Faili nyingi zinazofika kwenye kaunta yetu ya uchapaji hapa Dar es Salaam hazina tatizo la ubunifu. Jalada linavutia, vichwa vya habari vimekaa vizuri, rangi zimechaguliwa na mtu mwenye jicho. Kazi hukwama kwa mambo yasiyoonekana kwenye skrini: fonti haimo ndani ya PDF, picha imepitia WhatsApp, maandishi meusi yamejengwa kwa rangi zote nne za chapa (buluu, magenta, njano na nyeusi). Mteja hupoteza siku, na pleti (mabamba ya kuchapia) zikishatolewa hupoteza na pesa. Karibu yote hayo yana dawa ya bure mtandaoni, na inatuuma kuona kijana mwenye kipaji anarudishwa nyumbani kwa jambo ambalo angelimaliza kwa dakika kumi. Hizi hapa ndizo sehemu tunazowaelekeza wabunifu wetu.

Tuanze na fonti, maana ndizo zinazosumbua kuliko vyote. Acha kushusha fonti kwenye tovuti yoyote inayotokea kwanza unapotafuta. Nyingi zimeandikwa “bure”, lakini ukisoma chini unakuta ni kwa matumizi binafsi tu, na kalenda ya kampuni si matumizi binafsi. Malalamiko yakija yatamfikia mteja wako kabla yako. Google Fonts, iliyofunguliwa mwaka 2010, ina zaidi ya familia 1,000 za fonti, na sehemu kubwa zinatolewa chini ya leseni huria ya SIL, shirika linaloshughulikia lugha na maandishi. Leseni hiyo inakuruhusu kuzitumia kwenye kitabu cha kuuzwa na kuzifungasha ndani ya PDF bila kulipa chochote. Kwa vitabu vya kusoma muda mrefu tunapenda Gentium na Charis, zote za SIL. Kwa vitabu vya watoto wanaoanza kusoma chukua Andika, ambayo herufi zake zimechorwa makusudi zisichanganyike machoni mwa mtoto.

Wanaotuletea vitabu vya madrasa na vya dua wana shida yao, nayo ni kubwa zaidi. Aya ikipangwa kwa fonti isiyofaa, irabu hupanda juu ya herufi jirani au hupotea kabisa, na hilo katika maandishi matukufu halivumiliki. Tumia Amiri, iliyofuata mwandiko wa naskhi wa matbaa ya Bulaq ya Cairo, au Scheherazade New ya SIL. Zote ni za bure na zote zina alama za Qur’ani. Ukiwa kwenye InDesign, programu ya kulipia ya kupanga kurasa, hakikisha aya hiyo inatumia mpangilio unaoitwa World-Ready, la sivyo herufi zitaachana na kugeuka. Kwenye Scribus, programu ya bure ya kazi hiyohiyo, uwezo wa kupanga Kiarabu uliletwa na kikundi cha watengenezaji programu huria kutoka Oman, na sasa umo ndani ya toleo la 1.6 lililotoka mwaka 2024. Ukiwa na toleo la 1.4, liondoe uweke jipya.

Kabla ya kutuma chochote, fungua PDF yako kwa Acrobat Reader ya bure, nenda kwenye sifa za waraka, kisha sehemu ya fonti. Kila jina liwe na neno Embedded au Embedded Subset mbele yake, yaani fonti imefungashwa ndani ya faili. Jina lisilo nalo ndilo litakalobadilika kwenye kompyuta yetu.

Jambo lingine ambalo wengi hawaliangalii ni lugha ya maandishi. Programu nyingi za kupanga kurasa zikisakinishwa huja na Kiingereza, kwa hiyo hukata maneno ya Kiswahili mwisho wa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Ndiyo maana unakuta “nyum-ba” na “wanafun-zi” kwenye kitabu kilichochapwa vizuri sana. Silabi zetu karibu zote huishia kwenye irabu, ukiacha “m” inayosimama peke yake kama kwenye “mtu”, na maneno machache ya mkopo kama “labda” na “daktari”. Mkato sahihi ni “nyu-mba” na “wanafu-nzi”. Kama orodha ya lugha ya programu yako haina Kiswahili, chagua “bila lugha” au zima kabisa ukataji maneno, kisha panga maandishi kwa kushoto badala ya kuyanyoosha pande zote mbili. Kwa tahajia, pitisha maandishi kwanza kwenye LibreOffice, ambayo ina kamusi ya Kiswahili ya kupakua bure. Haikamati kila kosa, lakini inakamata mengi.

Kuhusu programu zenyewe, hakuna sababu tena ya kutumia nakala ya wizi iliyojaa virusi. Scribus ni ya bure na inatoa PDF ya rangi nne inayokubalika kwenye ofseti, yaani mashine za kuchapa kwa pleti. Affinity nayo imekuwa ya bure tangu Oktoba 2025, chini ya Canva. Anayelipia InDesign atapata msaada mwingi kwenye tovuti ya CreativePro, ambako wataalamu wa miaka mingi hueleza tatizo mojamoja kwa kina. Tunaiamini kuliko video za haraka haraka. Canva inatosha kwa kipeperushi. Kitabu cha kurasa 200 usikipange humo, wala kwenye Word.

Rangi ndipo wateja wanapokasirika zaidi, na tunawaelewa. Tovuti ya European Color Initiative, eci.org, inatoa bure profaili za rangi, yaani faili zinazoieleza programu yako jinsi wino utakavyoonekana kwenye karatasi fulani. Kwa karatasi ya kung’aa tumia ISO Coated v2 300%, na kwa karatasi ya kawaida PSO Uncoated v3. Hiyo 300% ni jumla ya wino wa rangi zote nne mahali pamoja. Ukizidisha, wino huchelewa kukauka na kuchafua karatasi inayolalia juu yake, hasa miezi ya unyevunyevu hapa pwani. Maandishi meusi ya kawaida yawe nyeusi peke yake, 100%. Faili la RGB, yaani la rangi za skrini, likigeuzwa kuwa la rangi nne, weusi huo husambaa kwenye rangi zote nne, na pleti zikipishana kidogo tu herufi ndogo huota kivuli chekundu au cha buluu.

Kundi la Ghent (Ghent Workgroup), gwg.org, linatoa bure vipimo vya kukagua PDF kabla ya chapa. Sisi tunapokea PDF/X-4, aina ya PDF iliyowekewa kanuni za chapa, yenye ziada ya kukatwa ya milimita 3 kila upande. A4 basi iwe milimita 216 kwa 303.

Picha: Unsplash, Pexels na Pixabay zinaruhusu matumizi ya biashara. Wikimedia Commons ina picha nyingi zaidi za kwetu, ila kila moja ina leseni yake, na nyingi zinadai umtaje mpiga picha. Anayeandaa kitabu cha historia ya pwani atazame mkusanyo wa Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani: zaidi ya picha 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Waandikie kwanza kuhusu ruhusa ya kuchapa. Picha ya ukurasa mzima wa A4, bila kuhesabu ile ziada ya kukatwa, inahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508, na WhatsApp ikituma kwa njia ya kawaida huipunguza mno. Itume kama dokumenti.

Kwa vitabu, ISBN (namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu) hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na kwa Kenya ni Kenya National Library Service. Namba za Tanzania huanza na 978-9976, 978-9987 au 978-9912, za Kenya 978-9966 au 978-9914. Msimbopau wake unaweza kuutengeneza ndani ya Scribus yenyewe. Uwe nyeusi tupu, usiwe picha iliyonakiliwa kwenye skrini.

Unene wa mgongo wa kitabu usiukisie. Kurasa 200 za karatasi ya gramu 80 ni majani 100, takriban milimita 10, lakini karatasi hutofautiana kwa kiwanda. Tuulize kabla hujaanza jalada, tutakupimia karatasi yenyewe iliyopo stoo. Faili lako pia tunalikagua bila malipo kabla ya pleti kutolewa, ukilileta walau siku moja kabla ya chapa.