Setilaiti haioni samaki, barua kwa Mhariri

Ndugu Mhariri,

Salamu na poleni na kazi. Nimesoma ile habari yenu ya mkutano wa kimataifa wa wanasayansi wanaochunguza bahari kwa setilaiti, na kwanza niwashukuru maana magazeti mengi hata kona hayawapi hawa watu, ila yani nusu nzima ya habari ni nani kafungua mkutano, nani alikaa meza kuu, nani kapokea ngao, alafu aya ya mwisho kabisa ndo mnatuambia kwamba setilaiti za siku hizi zinaona samaki na kila kitu mpaka chini ya bahari. Basi, imeisha hapo. Nikasema hii siwezi kuipita kimya.

Setilaiti haioni samaki. Inachosoma ni uso wa maji tu, na hapo kwenye uso inasoma vitu vichache: rangi ya maji, joto lake, kimo cha bahari, jinsi maji yalivyochafuka kwa upepo, na tangu Ulaya warushe setilaiti yao ya SMOS mwaka 2009 hadi chumvi inapimwa. Kile kihisi cha infraredi, yani mwanga wa joto usioonekana kwa macho, kinachopima joto kinasoma tabaka jembamba kuliko hata milimita moja, chini ya hapo hakijui kitu. Rangi ndo inaingia ndani kidogo, maji yakiwa masafi sana unapata makumi ya mita, yakiwa na tope unapata mita chache au hata moja hupati. Na bahari kwa wastani ina kina cha kilomita 3.7 hivi, kwahiyo pigeni hesabu wenyewe ni sehemu gani inabaki gizani.

Sasa samaki wanatokea wapi kwenye hizi habari? Ni hivi, kuna vijimea vidogo sana vinavyoelea, planktoni, vina klorofili kama majani ya mti, vikiwa vingi maji yanaelekea kijani na hiyo rangi inasomeka kutoka juu. Samaki wadogo na wadudu wa majini wanafuata hiyo planktoni, wakubwa wanafuata wadogo. Ukichukua na ramani ya joto ukaona pale maji baridi yanapokutana na ya vuguvugu, unaweza kusema hapa kuna uwezekano wa kupata kitu. India wanafanya hivyo, taasisi yao ya INCOIS kule Hyderabad inachukua joto na rangi kutoka setilaiti na kuwatumia wavuvi maeneo ya kujaribu. Ni kazi nzuri na mi naiheshimu sana, lakini ni ubashiri, na mvuvi mkishamwambia setilaiti imewaona samaki alafu akachoma mafuta yake kufika pale akakuta maji matupu, siku nyingine hatowasikiliza hata mkimtangazia dhoruba. Ndo maana naomba ile sentensi muisahihishe, sio kwa ajili yangu.

Ile ya chini ya bahari mmekosea nusu tu, na hiyo nusu nyingine ni tamu kuliko mlivyoiandika. Mlima uliozama una mvuto wake, unavuta maji upande wake, kwahiyo uso wa bahari juu ya huo mlima unatuna kidogo. Mlima wa mita 2,000 unaweza kuinua maji kwa mita 2 hivi, na huo mwinuko umetawanyika kilomita nyingi kiasi kwamba meli ikipita juu yake haihisi chochote. Rada ya setilaiti inaupima, alafu watu wanarudi nyuma kwa hesabu, wanachanganya na vipimo vya meli, mpaka wanaupata mlima. Mwaka 1997 wanasayansi wa Marekani Walter Smith na David Sandwell walitoa ramani ya namna hiyo iliyofunika karibu bahari zote za dunia. Hamna jicho lililoona chini, ila matokeo ni kama vile lilikuwepo.

Na hapo kwenye kupima kimo cha maji ndo ningependa mwandishi wenu angekaa kutwa nzima. TOPEX/Poseidon, setilaiti ya Marekani na Ufaransa iliyorushwa Agosti 1992, ilikuwa inazunguka juu kilomita 1,336, inatuma mawimbi ya rada chini, inasubiri yarudi, inahesabu muda, inapata umbali mpaka kwenye maji kwa makosa ya sentimita chache tu. Hebu rudia hiyo. Na sio rada peke yake iliyofanya kazi, mvuke wa maji uliopo hewani unayachelewesha yale mawimbi kiasi cha kupotosha kipimo kwa makumi ya sentimita, ikabidi wafunge kifaa kingine cha maikrowevu cha kupima mvuke tu, alafu kuna watu wengine kabisa ambao kazi yao usiku na mchana ni kujua hiyo setilaiti yenyewe iko wapi, maana kama hujui wewe umesimama wapi kipimo chako cha kwenda chini kina faida gani. Kwa njia hiyo waliona maji ya moto ya El Niño ya 1997 yakijilundika upande wa Amerika kama kilima kinachosafiri baharini.

Baada ya TOPEX zikaja Jason-1 mwaka 2001, Jason-2 mwaka 2008, Jason-3 mwaka 2016, na Sentinel-6 Novemba 2020. Zote kwenye njia ile ile moja. Na hapa kuna jambo ambalo kwenye hii mikutano watu wanalibishania mpaka jasho linawatoka lakini gazetini sijawahi kuliona: setilaiti mpya ikifika haianzi kazi peke yake, inawekwa iruke pamoja na ya zamani kwa miezi kadhaa, Sentinel-6 ilifuatana na Jason-3 zikipishana sekunde 30 hivi, zikipima maji yale yale. Kwanini? Ukiwa unapima urefu wa mtoto ukutani kila mwaka alafu ukabadilisha futi bila kuilinganisha na ile ya kwanza, mwakani hujui mtoto kakua au ni futi imebadilika. Tunaongelea milimita jamani. Bahari imepanda kama sentimita 10 tangu 1993, na kasi yenyewe imeongezeka kutoka milimita 2 hivi kwa mwaka mpaka kuzidi 4. Huo mstari wa grafu mnaoupenda kuuchapisha umeungwa kutoka setilaiti tano, na kila kiungio kiligombaniwa na watu kwenye vyumba visivyo na kamera.

Sasa ikitokea ya zamani imekufa kabla mpya haijaruka? Inatokea, na mara nyingi tu. Seasat ya Marekani, ambayo ndo ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya bahari yenyewe, ilirushwa Juni 1978 na Oktoba umeme wake ukapiga shoti, ikawa imefanya kazi siku 105 hivi, na bado data yake watu waliichambua miaka na miaka. Envisat ya Ulaya ilinyamaza ghafla Aprili 2012. Aquarius iliyokuwa inapima chumvi, ya Marekani na Argentina, iliruka 2011 ikafa 2015. Pengo likishatokea halizibiki, huwezi kurudi kupima bahari ya mwaka juzi. Kwahiyo mtu akisimama kwenye mkutano akaonyesha picha ya setilaiti yake mpya watu wakapiga makofi, swali la maana ni ipi itaifuata, na nchi gani imeshaitolea pesa.

Kitu kingine ni maji yenyewe. Setilaiti inayosoma rangi ya bahari, karibu asilimia 90 ya mwanga unaoifikia unatoka hewani sio baharini, kwahiyo inabidi uondoe hewa yote kwa hesabu kwanza ndo ubaki na hicho kidogo cha bahari. Ukikosea kidogo kwenye hewa umekosea sana kwenye maji. Ndo maana kuna boya linaitwa MOBY kule Hawaii, lipo tangu 1997, linapima mwanga palepale majini ili setilaiti zijipime kwalo, na setilaiti nyingi kubwa za rangi zimejisahihisha kwa hilo boya. Kuna na maboya ya Argo karibu 4,000 yanayozama mpaka mita 2,000 na kuibuka kila baada ya siku 10 hivi yakiwa na joto na chumvi ya huko chini ambako setilaiti haifiki. Hivi vitu vinaota kutu, vinagongwa na meli, betri zinaisha, vinahitaji watu wa kwenda baharini kuvishughulikia, na kwa mtazamo wangu hela yake ndo ya kwanza kukatwa kwasababu boya halina sherehe ya kurushwa wala watu kuhesabu kumi mpaka sifuri.

Mambo haya sio ya jana. Mwaka 1964 kule Woods Hole, Marekani, wanasayansi waliitana kuongelea kitu kile kile, kama chombo kilichopo angani kinaweza kutuambia lolote la maana kuhusu maji. Na mwaka 1992, ule ule wa TOPEX, ukaanza mkutano wa PORSEC, wa hawa hawa wanaochunguza bahari kwa setilaiti, kule Okinawa, Japani, mwanzoni ukiwa wa Bahari ya Pasifiki tu, baadae wakapanua jina uwe wa bahari zote, umeshapita Goa, Bali, Fortaleza, Kochi na kwengineko. Ninachoupendea huo ni kwamba kabla ya mkutano wanaweka siku za mafunzo kwa wanasayansi vijana, mtu anakaa na kompyuta anafundishwa kuifungua data kwa mikono yake. Habari yenu haikugusa kabisa mambo ya mafunzo. Kwangu mimi hiyo ndo ilikuwa habari.

Maana data ni bure, hilo ni kweli, za Sentinel za Ulaya na za NASA ya Marekani mtu yoyote anajisajili anapakua. Ila bure haimaanishi rahisi. Faili moja linaweza kula intaneti yako ya wiki, ukishalipata unakuta herufi na namba za ajabu, ukifanikiwa kulichora unakuta nusu ya ramani ni nyeupe, mawingu, kwasababu vihisi vya mwanga na vya infraredi havipenyi mawingu. Ukihamia vihisi vya maikrowevu vinapenya, lakini pikseli yake, yani nukta moja ya picha, ni kubwa, kilomita 25 na kuendelea, na ukikaribia nchi kavu vinachanganyikiwa. Rada za kimo nazo ni hivyo hivyo, zile za zamani zilikuwa zinaharibika kilomita 10 mpaka 20 za mwisho kabla ya ufukwe, yani palepale watu wanapoishi na wavuvi wadogo wanapovua ndo kipimo kilikuwa kibovu zaidi. Setilaiti ya SWOT iliyorushwa Desemba 2022 imeanza kupunguza hilo tatizo, inapima upana wa kilomita 120 badala ya mstari mmoja chini yake, ila nayo inaleta data nyingi mno mpaka watu wenye mashine kubwa wanalalamika. Sembuse wengine.

Kwahiyo Mhariri, mkutano kama huu ukija tena mwandishi wenu aende kwenye ukumbi wa mabango, pale wanafunzi wanaposimama masaa mbele ya kazi zao wakisubiri mtu wa kuwauliza. Achague bango moja tu aulize, hiki kipimo mmekilinganisha na nini majini, na tofauti ilikuwa kiasi gani. Alafu aulize wale waliopewa mafunzo wakirudi makwao watapakua kwa mashine gani na nani atawajibu wakikwama. Lile la setilaiti ipi inafuata asimuulize mwanafunzi, hajui, awatafute watu wa mashirika ya anga wakati wa chai, na wakimjibu kwamba inapangwa awaulize kama bajeti imeshapitishwa au bado.

Ni mimi msomaji wenu,
mtu wa ramani za bahari