Kabla hujasasisha keneli ya bodi yako, tunza DTB ya zamani

Bodi ndogo za kompyuta zenye prosesa ya ARM, kama zile zinazoendesha vipima mvua mashambani Rungwe au seva ya maabara ya shule hapa Mbeya, kwa kawaida huhitaji keneli ya Linux (kiini cha mfumo wa uendeshaji) isomewe orodha ya vifaa vyake. Orodha hiyo imo kwenye faili la DTB (device tree blob): RAM ni kiasi gani, mlango wa mtandao uko anwani ipi, pini zipi zinatumika. Butiloda (programu inayotangulia bodi inapowashwa) hupakia keneli na DTB pamoja, na keneli hutafuta draiva (programu ya kuendesha kifaa) kwa kulinganisha majina yaliyo kwenye mstari wa `compatible`. Raspberry Pi 4, kwa mfano, hujitaja `raspberrypi,4-model-b` kwanza, kisha `brcm,bcm2711`; jina mahususi hutangulia, la jumla hufuata.

Watunzaji wa Linux wanajitahidi keneli mpya iendelee kuielewa DTB ya zamani. Kinyume chake hakina ahadi. Ndiyo maana tatizo huzuka mtu anaposasisha vyote viwili, akaona kasoro, kisha akarudisha keneli peke yake. DTB mpya ikiwa na jina ambalo draiva ya zamani hailijui, na jina la zamani halikuachwa nyuma yake, mlango wa mtandao hautokei kabisa. Mteja hudhani waya ndio mbovu, akanunua mpya bila faida. Ukirudisha keneli, rudisha na DTB yake.

Keneli za watengenezaji wa bodi ni jambo jingine. DTB zao mara nyingi zina maelezo ambayo hayakupokelewa kwenye Linux kuu, yaani ile ya watunzaji wa Linux wenyewe, hivyo ukihamia keneli kuu, usitegemee DTB hiyo. Tumia iliyojengwa pamoja na keneli mpya. Anayejenga mwenyewe kwa ARM ya biti 32 aangalie pia njia za mafaili: tangu toleo 6.5 la mwaka 2023, mafaili haya yamegawanywa kwenye folda za watengenezaji ndani ya `arch/arm/boot/dts`. Skripti ya zamani hailioni faili jipya na huacha lililokuwepo.

Kabla ya kusasisha, nakili `/boot` yote kwenye flashi, kisha andika amri hii, inayohifadhi DTB inayotumika sasa kama maandishi:

`dtc -I fs -O dts -o kabla.dts /proc/device-tree`

Rudia baada ya kusasisha kwa jina `baada.dts`, ulinganishe kwa `diff`. Anwani ya MAC (namba ya utambulisho ya mlango wa mtandao) na kiasi cha RAM huenda vikatofautiana na faili lililoko kwenye kadi ya kumbukumbu, kwa sababu butiloda huvijaza wakati wa kuwasha. Hilo si kosa.

Bodi isiyowaka, sisi mafundi tunasoma ujumbe wake kwa waya wa siriali wa volti 3.3, kwa bodi nyingi kasi ni 115200. Usiunganishe wa volti 5. Unaweza kuunguza pini. Unapotuletea bodi, njoo na kadi yake bila kuifuta, pamoja na adapta yake ya umeme.